Maji Yasiyo na Upande

Nchi yenyewe haina jina. Ilikuwa nalo, likapelekwa kwenye kamati likapigwe msasa, na kamati haijarudi mpaka leo, ingawa kila mwezi inatuma salamu. Kwa hiyo asiulize mtu ni wapi. Anayeona panafanana na kwao, alaumu macho yake, kisha akamwangalie mwanawe.

Kauli mbiu ya nchi hiyo ilikuwa neno moja tu: TUMEIVA. Liliandikwa kwenye bendera yenye rangi ya ndizi mbivu, kwenye milango ya shule, kwenye mikate, na kwenye majeneza yaliyotolewa na serikali.

Basi, juu kilimani, penye tangi la maji ya mji, alifanya kazi mama mmoja jina lake Sikudhani. Kazi ilikuwa ndogo na aliipenda. Kila asubuhi anachota maji kwenye glasi, anachovya kijikaratasi, anahesabu mpaka ishirini, kisha anakilinganisha na picha ya rangi iliyobandikwa ukutani. Rangi ikikubali, anaandika namba daftarini. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na namba aliyotakiwa kuiandika ilikuwa saba, kwa hiyo aliona kazi hiyo imekatwa kwa kipimo chake kama gauni.

Aliyemfundisha ni fundi mkuu, Bwana Lubasha, mtu mpole mwenye vidole vyeupe kwa chokaa.

"Dada, hii ni ngazi," alimwambia siku ya kwanza. "Inaanza sifuri, inaishia kumi na nne. Huku chini wanakaa kina ndimu na siki, wachachu. Huku juu wanakaa kina magadi na majivu, wale ukiwashika wanateleza kama sabuni. Saba ndiyo katikati. Hapo maji hayana upande."

"Na yakitoka mlimani yana ngapi?"

"Tano na nusu, sita. Machachu kidogo. Ulimi hausikii, lakini bomba linasikia. Ndiyo maana tunatia chokaa. Unatia, unakoroga, unangoja, unapima tena. Taratibu. Chokaa ni kama chumvi ya mchuzi, ikizidi huwezi kuichota uirudishe."

"Na siku tukisahau?"

Bwana Lubasha akafuta vidole kwenye suruali. "Maji machachu yana njaa, dada. Yakikosa chokaa yanatafuta kingine cha kula, na kilichopo karibu ni bomba. Na mabomba ya mji huu ni ya risasi."

Si risasi ya kumpiga mtu. Ni yale madini mazito, laini, waliyoyatandaza chini ya mji wageni waliotangulia. Lakini hayo hayo ndiyo huyeyushwa kutengenezea ile ya kumpiga mtu, na zote mbili zina jina moja. Shikeni hilo, kwa sababu nchi ile haikulishika.

"Risasi ikimwingia mtu mzima inamchelewesha," alisema Bwana Lubasha. "Ikimwingia mtoto inamfuta."

Sikudhani hakusahau chokaa hata siku moja. Nyumbani alikuwa na Kibibi, mtoto wa miaka minne aliyempata baada ya mimba tatu kumwagika, na tangu azaliwe mama huyu hakuwahi kulala amefumba macho yote mawili. Alikuwa anaamka kusikiliza kama mtoto anapumua. Mchana hakuhitaji kusikiliza, maana Kibibi alikuwa na mdomo wa cherehani.

"Mama, kuku akilala anavua miguu?"

"Lala, Kibibi."

"Mama, jana imekwenda wapi? Imekwenda kwa bibi?"

"Lala, mwanangu."

"Mama, mimi nalala lakini mdomo haujalala."

* * *

Ikaja Wiki ya Maji. Kila wizara katika nchi ile ilikuwa na wiki yake, isipokuwa Wizara ya Muda, iliyokuwa na siku mbili. Habari zikafika kwamba Mheshimiwa Kirumbi, Waziri wa Maji, Uzalendo na Vimiminika Vinginevyo, atapanda kilima kuliona tangi.

Mji ukapambwa. Mawe ya kando ya barabara yakapakwa chokaa, miti ikapakwa chokaa mpaka kiunoni, na mbuzi mmoja mweusi aliyechelewa kuondoka naye akapakwa. Bwana Lubasha alipofungua stoo asubuhi ya ugeni akakuta vumbi tu. Mifuko yote kumi na sita imekwenda barabarani.

"Hiyo ni chokaa ya maji!" alimlalamikia bwana itifaki, msimamizi wa ugeni.

"Fundi, usiniletee uchuro. Mheshimiwa anapita kwenye mawe, hapiti kwenye maji."

Ilibaki ya siku ile tu, iliyokwisha kukorogwa tangini. Mheshimiwa akafika na msafara, na vigelegele, na mtu wa kumshikia miwani. Sikudhani akaambiwa aonyeshe kazi yake. Akachota, akachovya, akahesabu ishirini kwa sauti. Kijikaratasi kikageuka kijani, kizuri kama jani la mgomba.

"Kimesema nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Saba, Mheshimiwa," alijibu Bwana Lubasha kwa fahari.

"Saba kati ya ngapi?"

"Kumi na nne."

Mheshimiwa akageukia msafara wake. "Nusu! Asilimia hamsini! Yaani Wiki ya Maji mnanialika nije kunywa maji ya hamsini?"

"Hapana, Mheshimiwa, saba ndiyo tunayoitafuta. Maji ya saba hayana upande."

Hapo vigelegele vikakatika. Mshika miwani akaivaa yeye.

"Hayana upande?"

"Ndiyo, yako katikati."

"Katikati ya nani na nani?"

"Ya uchachu na magadi, Mheshimiwa."

"Sikukuuliza mapishi! Na hii rangi, mbona kijani? Ndizi ya kijani ni ndizi ya namna gani?"

Bwana Lubasha akakitazama kijikaratasi. Bwana itifaki akajibu kwa niaba yake. "Mbichi, Mheshimiwa."

"Mbichi. Nchi imeiva miaka thelathini, maji yake ndiyo kwanza mabichi!" Akamtazama Sikudhani, akalainisha sauti kama mtu anayemwita kuku mwenye thamani. "Mama, wewe ni mwananchi wa kawaida, huna ujanja wa wasomi. Hebu nionyeshe kwenye picha hiyo, rangi ipi inafanana na bendera yetu?"

Sikudhani alitazama ukuta. Alijua. Nyuma ya Mheshimiwa walisimama watu watano wasiocheka. Akanyoosha kidole kimoja.

"Tano, Mheshimiwa."

"Mnaona? Mama amechagua!"

Wakapiga makofi. Mheshimiwa akapanda juu ya ndoo iliyofunikwa kitambaa, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Mtoto wa nchi hii anazaliwa ana upande. Kuku wa nchi hii anataga akiwa na upande. Itawezekanaje maji, ambayo yanaingia mpaka tumboni mwa kiongozi, yawe hayana upande? Yakifika humo ndani yatasema nini? Yatakutana na nani? Kuanzia leo, maji ya nchi hii yachague, na yachague vizuri!"

Waraka ukatoka siku ya tatu. Chokaa marufuku. Na kwa kuwa maji ya mlimani peke yake yalikuwa na njano ya kusitasita, itiwe siki, mapipa manne kila asubuhi, mpaka kijikaratasi kifanane na bendera bila wasiwasi. Siki ilitoka kiwandani kwa shemeji wa Mheshimiwa, ambaye bahati nzuri alikuwa nayo nyingi.

Bwana Lubasha akaandika barua kurasa tisa kueleza njaa ya maji na mabomba ya risasi. Ikasomwa kwa makini kwenye ngazi zote, na kwa kutambua uelewa wake akapandishwa cheo: Mkurugenzi Mkuu wa Mvua, kituo chake jangwani, ambako mvua ilinyesha mara ya mwisho babu yake akiwa bwana harusi. Gari lilimfuata hata chai hajamaliza.

"Dada," alimwambia Sikudhani dirishani, "mtoto mpe maji ya mvua."

"Mvua iko wapi, kaka? Si ndiyo kwanza kiangazi?"

Akafungua mdomo. Gari likaondoka.

* * *

Wiki ya kwanza Sikudhani aliandika tano, mkono mzito. Wiki ya pili daftari jipya likaletwa, halina nafasi ya namba. Lilikuwa na safu moja tu: UPANDE. Chini yake aliandika kila siku neno moja: Wetu.

Ikatokea ajabu. Maji yakawa matamu.

Si tamu ya kusema hayana chumvi, la. Tamu ya sukari, kwa mbali, kama chai aliyoinywa mwenzako ukaachiwa masalia. Siki ilipokutana na risasi ndani ya mabomba vilizaa utamu, na kwa kuwa aliyejua jambo hilo alikuwa jangwani anasubiri mvua, waliobaki wakafurahi. Redio ikatangaza kwamba maji yamekubali mapinduzi. Kwaya ya wizara ikatunga wimbo. Watoto wakaacha maziwa.

"Mama, niongeze," alisema Kibibi, kikombe mkononi. "Maji yana pipi."

"Umekunywa vikombe vitatu, Kibibi."

"Cha nne ndicho kina pipi kubwa."

Sikudhani alionja. Moyo ukamshtuka, akaupuuza. Angefanyaje? Kisima hakuna, mvua hakuna, na mtoto wa miaka minne huwezi kumfunga mdomo dhidi ya kitu chenye sukari. Wenye wasiwasi wanachekwa sana. Alishaambiwa na majirani kwamba mtoto akipiga chafya yeye anatafuta sanda. Kwa hiyo mara hii, mara moja tu maishani mwake, akajikaza asiwe na wasiwasi. Akamwongezea.

Mwezi wa pili Kibibi akaanza kushika tumbo. Mwezi wa tatu akawa mweupe wa midomo, na ufizi ukapiga mstari wa buluu kama umechorwa kwa kalamu. Akaanguka akienda chooni. Kisha maneno yakaanza kumtoka, moja moja, kama nguo zinazoanuliwa kambani na upepo. Kwanza akasahau jana. Kisha akasahau jina la kuku. Asubuhi moja alimtazama mama yake kwa muda mrefu, akatafuta, akatafuta, akalia kwa sababu hakupata alichotaka kumwita.

Siku hiyo Sikudhani hakwenda kazini. Alichukua kijiko na bakuli, akaenda barabarani, akapiga magoti kwenye yale mawe, akaanza kukwangua chokaa.

"Mama Kibibi, umeingiwa na nini?" watu walimuuliza. "Unakula mawe siku hizi?"

"Kwa leo nakwangua tu. Kula kesho."

Walicheka, naye akaendelea. Akapata nusu bakuli. Nyumbani akaichuja, akatia kwenye ndoo kidogo kidogo, akakoroga, akangoja, akachovya kijikaratasi alichokificha kwenye ukanda. Njano. Akatia tena. Njano mbichi. Akatia tena. Kijani! Saba! Alipiga kelele peke yake jikoni, akashika kikombe, akachota.

Halafu akasimama nacho hapo hapo.

Maji haya yalishapita bombani. Yalikula huko njiani, yakaja yameshiba. Chokaa inaweza kuyaondolea uchachu, lakini maji yaliyokwisha kula hayatapiki. Ya kutiwa chokaa ni yale ya kilimani, kabla hayajashuka. Saba aliyoipata kwenye ndoo ilikuwa saba ya kujifariji. Akaimwaga uani, na kuku wakaikimbilia.

* * *

Hospitali, Daktari Mwasiti alimpima Kibibi damu, akarudi na cheti mkononi, uso umeanguka.

"Mama Kibibi, mtoto ana risasi mwilini. Nyingi."

Sikudhani hakulia. Alilijua jibu. "Dawa ipo?"

"Ipo. Sindano za kuivuta itoke. Tukianza leo, kuna yatakayorudi. Si yote. Tukichelewa..." Daktari akageuka. Alikwenda dirishani kwa karani mwenye ufunguo wa kabati, akamwonyesha cheti.

Karani alisoma neno moja, akafunga daftari lake. "Majeruhi wa risasi hatibiwi bila fomu ya polisi. Sheria hiyo."

"Si majeruhi! Ni risasi ya madini, iko kwenye damu!"

"Daktari, kwani ile ya bunduki ni ya mbao?"

Sikudhani akamlaza Kibibi kwenye benchi la mapokezi, akamfunika kanga. Kisha akakimbia kituoni.

Zamu ilikuwa ya Koplo Tindwa, kijana nadhifu aliyependa fomu ijae. Akatoa kalamu, akaipuliza.

"Jina la aliyepigwa?"

"Kibibi."

"Tundu la kuingilia?"

"Mdomo."

"Tundu la kutokea?"

"Haijatoka, afande. Ndiyo maana niko hapa."

"Silaha?"

"Bomba."

Koplo alirudi nyuma na kiti chake. "Bomu?"

"Bomba, afande! La maji!"

"Mama, usinichezee, mimi nina zamu. Silaha, maji." Akaandika hivyo hivyo kwa herufi nzuri. "Aliyepiga?"

Sikudhani akaitazama ile nafasi kwenye fomu.

"Hapa hapaachwi wazi, mama. Fomu yenye nafasi wazi ni fomu isiyo na upande, na wewe unajua hizo ziliisha. Nenda ukafikiri, kesho urudi na jina."

Kesho yake alirudi hana jina. Njiani alikuwa amesikia redio. Habari za mtoto zilimfikia Mheshimiwa Kirumbi, naye akatoa tamko zito. "Katika nchi hii haijapigwa risasi kwa miaka thelathini. Zilizopigwa zilipigwa hewani, na hewa haijalalamika. Anayedai ana mtoto mwenye risasi amtaje aliyempiga, au akae kimya kama wazazi wengine." Sikudhani alishtukia maneno mawili ya mwisho. Wazazi wengine! Kumbe wapo. Wamekaa kimya, kila mmoja na wake, majumbani, wanangoja jirani aanze.

Siku ya tatu Daktari Mwasiti alimfuata kwenye benchi, akachuchumaa. Mkono wa Kibibi ulikuwa umelegea kwenye kifundo, unaning'inia kama ua lililokosa maji.

"Mama Kibibi, nisikilize. Leo jioni nikiwa sina fomu, sindano yenyewe haitasaidia kitu. Dawa naiona kwa macho kupitia kioo cha kabati. Tafuta jina. Lolote."

Sikudhani alifunga kanga kiunoni, akarudi kituoni. Njiani alilipitisha kila jina moyoni. Mheshimiwa? Fomu ingechanwa, na yeye pamoja nayo. Shemeji mwenye siki? Koplo alikuwa anakula kwenye kiwanda hicho. Bwana Lubasha? Mtu mwema, yuko jangwani, hawezi kujitetea, jina lake lingepita bila taabu. Alilishika jina hilo ulimini kutoka sokoni mpaka mlango wa kituo, na hapo mlangoni likamkwama.

"Enhe," alisema Koplo Tindwa. "Aliyepiga?"

"Andika Sikudhani. Mpima maji."

Kalamu ikasimama. "Wewe? Mtoto wako mwenyewe?"

"Niliulizwa rangi. Nikanyoosha kidole."

"Kidole hiki?"

"Hicho."

Koplo alifikiri, kisha uso ukafunguka kwa furaha ya kazi. Nafasi zote zilikuwa zimejaa. Hata mahali pa kuandika alipigwa kwa nini, palipomshinda siku zote, mama alimsaidia: Niliogopa. Muhuri ukapigwa, puu! Kisha akatoa pingu, akaomba radhi kwamba ni za wanaume, zitamlegea.

"Nipeleke kwanza nikaikabidhi mwenyewe, afande. Nakuomba kwa mama yako."

Koplo alikuwa na mama. Wakaenda.

* * *

Karani aliisoma fomu juu mpaka chini, akaisifia, akamrudishia Koplo, akafungua kabati. Daktari Mwasiti aliikwapua dawa, akakimbia nayo chumba cha pili kuiandaa, akisema "Mlazeni, mlazeni!" Kibibi akabebwa kutoka benchini hadi kitandani, kitanda cha kweli, chenye shuka.

Sikudhani alisimamishwa mlangoni. Aliyetuhumiwa kumpiga mtu risasi haruhusiwi kumkaribia, hatua kumi, na Koplo Tindwa alizipima kwa buti lake. Kutoka pale alimwona mwanawe amegeuza kichwa, macho yanazunguka dari. Midomo ikacheza. Ikatafuta. Kati ya maneno yote aliyowahi kuwa nayo mtoto yule, ya kuku na miguu, ya jana na bibi, lilikuwa limebaki moja, nalo likatoka safi kabisa.

"Maji."

"Jamani, kaongea!" alisema nesi, mama wa makamo mwenye huruma, akainuka upesi. Pembeni mwa kitanda palikuwa na sinki, na juu ya sinki bomba. Akafungua, akakinga glasi, ikajaa.

"Msimpe!" Sikudhani alipiga kelele mpaka wagonjwa wakaketi. "Msimpe hayo! Kwa jina la Mungu, msimpe!"

Nesi aligeuka, akamtazama yule mwanamke mwenye pingu. Akatikisa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga.

"Kweli kuna wazazi," alisema.

Koplo Tindwa alimshika Sikudhani mkono kwa kumkaza, akaifungua fomu juu ya paja lake, akatafuta mahali palipobaki nafasi pembeni, akaongeza mstari mmoja kwa herufi zake nzuri: Mtuhumiwa anaendelea kumnyima mtoto maji.

Na Kibibi, ameinuliwa shingo na mkono laini wa nesi, alikuwa anakunywa kwa mikupuo mirefu, bila kupumzika.